Sanduku la fundi marehemu: maikromita na geji bloku za zamani, baada ya miezi tisa ya kuvitumia

Nianze na maksi ili mwenye haraka asihangaike kusoma yote: vipimo vyenyewe nimevipa nyota tano, mauzo yalivyoendeshwa nimeyapa tatu, na hizo mbili nilizokata nimezikata kwa sababu ya jambo moja tu ambalo mpaka leo nikilikumbuka linaniuma, nitafika huko.

Ilikuwa yale mauzo ya vitu vya marehemu, familia imeshachukua inachotaka, kilichobaki wamewapa watu wa kazi hiyo wakibandike bei, asubuhi mlango unafunguliwa kila mtu anaingia anachagua. Kwenye tangazo kulikuwa na picha kama thelathini hivi, masofa, vyombo, mapazia, makabati, halafu picha moja tu ya gereji, na kwenye kona ya ile picha kuna sanduku la mbao lenye droo nyembamba nyembamba na pembeni yake jiliwa kubwa limefungwa kwenye benchi. Nikaikuza ile picha mpaka ikawa ukungu. Droo nyembamba vile hakuna anayewekea spana, lile ni sanduku la fundi wa kukereza vyuma, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukata chuma na kukihesabu kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita, na mtu wa namna hiyo akifariki vipimo vyake ndo mali yake kubwa hata kama watoto hawajui thamani yake.

Nilifika mapema, watu wakakimbilia sebuleni, mi nikapitiliza gereji. Sanduku lenyewe ni Gerstner, wale wa Dayton, Ohio, wanaotengeneza masanduku haya tangu 1906, mbao ya mwaloni, ndani kitambaa cha kijani. Nikavuta droo ya kwanza, harufu ya kafuri na mafuta mepesi ikanijia usoni, na hapo roho ikatulia, kwa sababu mafundi wa zamani ndivyo walivyozuia kutu, unaweka kipande cha kafuri kwenye droo mvuke wake unatanda juu ya chuma, na kafuri inaisha yenyewe taratibu, kwa hiyo kama bado inanuka maana yake huyu mzee hakuacha kutunza vitu vyake mpaka karibu na mwisho wake.

Ndani kulikuwa na maikromita sita, vile vipimo vya skrubu vinavyobana kitu na kukusomea unene wake, Starrett mbili na Brown & Sharpe moja za inchi, Mitutoyo mbili za milimita na moja nyingine ya milimita ambayo jina limefutika kabisa, kalipa ndefu ya venia (ile mistari ya pili ya kusomea sehemu ndogo ndogo), geji mbili za saa, zile zenye mshale na uso kama wa saa, na moja ya zile za kidole kinachoegemea, fila geji za majani membamba ya kupimia mianya, geji za nyuzi za skrubu, geji za teleskopu za kupimia matundu, pimamaji ya fundi mitambo, guni dogo la chuma, na droo ya chini kabisa boksi la mbao limefungwa kwa kamba. Hilo boksi nitalizungumzia sana.

Sasa lile lililoniuma. Juu ya meza nje ya gereji walikuwa wametandaza vipimo vingine, vile vikubwa, maikromita yenye fremu pana, bloku mbili za V, guni kubwa, vyote vinang'aa kama sufuria mpya, na aliyekuwa anaendesha mauzo akaniambia kwa furaha kabisa kwamba usiku kucha walikuwa wanavisugua kwa sufi ya chuma na dawa ya kung'arishia ili vivutie wateja. Nilishindwa hata kumjibu kwa muda. Jamani uso wa kupimia wa maikromita umesagwa usawa mpaka tofauti yake ni sehemu ya mikroni, ukipitisha sufi ya chuma pale umechora mifereji na umeviringisha kingo, na ile rangi nyeusi iliyokaa ndani ya mistari na namba inatoka halafu huwezi tena kusoma vizuri. Hata ule ukijivu usiong'aa kwenye ngoma ya maikromita, ile sehemu unayoizungusha, watu wanadhani ni uchakavu, ule wameuweka kiwandani makusudi, krome ya kufifia, ili taa isikurudie machoni unaposoma mstari. Niliweka lile guni kubwa juu ya kipande cha chuma bapa nikachora mstari kwa sindano, nikaligeuza upande wa pili nikachora tena kwenye nukta ile ile, mistari miwili ikaachana waziwazi. Guni ambalo pengine jana yake lilikuwa zima. Siwezi kuthibitisha kwamba ni ile sufi ndo ililiharibu, lakini ule upande uliosuguliwa ulikuwa umekula kona.

Kwa hiyo kama wewe ndo unaendesha mauzo ya namna hii, au unauza vitu vya baba yako au vya babu, nakuomba usifute kitu chochote. Acha na vumbi lake. Kutu ya juu juu mnunuzi anajua kuitoa, mkwaruzo hautoki. Nilimweleza yule bwana taratibu, akasikiliza vizuri tu, na vilivyokuwa bado kwenye droo hawakuvigusa, ndo maana hajapata nyota moja.

Binti wa marehemu, mtu mzima, alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango wa gereji. Nikampa pole. Akaniangalia jinsi navyofungua zile droo akaniuliza, "Wewe unajua hivi ni vitu gani?" Nikamwambia najua dada, na mzee alikuwa fundi wa kiwango cha juu sana, vitu vyake vinaonyesha. Akasema walipokuwa wadogo walikatazwa kuligusa lile sanduku hata kulifuta vumbi. Tukaongea kidogo pale, akaniambia afadhali lichukuliwe zima na mtu mmoja kuliko kila mtu aondoke na kipande chake, na kwa kweli nami nilikuwa nataka hivyo hivyo.

Lakini sikununua kwa hisia, nilikagua. Mi kwenye mfuko huwa natembea na kitambaa safi cha pamba, kichupa cha mafuta ya cherehani, tochi ndogo, lenzi ya kukuzia, na rola mbili za beringi mpya ambazo nimeshazipima nazijua ukubwa wake mpaka mikroni. Hizo rola ni muhimu kuliko vyote maana beringi inatengenezwa kwa usahihi wa ajabu na inaingia mfukoni.

Maikromita unaikagua hivi. Kwanza usiangalie fremu, fremu ikiwa na kutu au rangi imebanduka haina shida yoyote, angalia zile nyuso mbili zinazokutana. Zipanguse, kisha funga juu ya karatasi safi uivute karatasi itoke, inaondoka na uchafu, halafu funga tena kwa racheti, kale kakichwa ka mwisho kanakoteleza ili usikaze kupita kiasi, na usome ziro. Ziro ikiwa imehama usiogope, hiyo inarekebishwa kwa kale kaspana kadogo kanakozungusha sliivu, ile bomba yenye mistari iliyo ndani ya ngoma, dakika moja tu. Kisichorekebishika ni uso uliolika. Shika maikromita mbele ya taa uifunge karibu kabisa, ukiona mwanga unapita upande mmoja na upande mwingine giza, nyuso hazilingani. Na kama ncha ni zile za kabaidi angalia kingo kwa lenzi, kabaidi hailiki kirahisi lakini inamegeka ikidondoshwa.

Halafu skrubu, na hapa ndo wengi wanapigwa. Fungua maikromita mpaka mwisho, rudisha taratibu kwa vidole viwili tu, sikiliza mkono wako. Maikromita iliyofanya kazi miaka mingi inalika katikati, kwa sababu fundi alikuwa anapima vitu vya ukubwa ule ule kila siku, kwa hiyo utasikia mwanzoni imekaza vizuri, katikati inalegea, mwishoni inakaza tena. Kuna nati ndani chini ya ngoma ya kukazia huo ulegevu, lakini ukiikaza kwa ajili ya katikati basi miisho yote miwili inagoma, ukiilegeza kwa ajili ya miisho katikati inacheza, hakuna dawa. Ile maikromita isiyo na jina ilikuwa hivyo hivyo. Nilimwambia muuzaji, akaipunguza kwenye hesabu, nami naitumia kupimia malighafi tu kabla ya kukata, kazi hiyo inaiweza.

Zile Starrett mbili jamani. Kampuni hiyo Laroy Starrett aliianzisha Athol, Massachusetts mwaka 1880, na Brown & Sharpe wao ni wa zamani zaidi, 1833, Providence, Rhode Island. Hao Brown & Sharpe ndo waliokwenda kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1867 wakaiona maikromita ya Palmer, Mfaransa aliyepata hataza yake 1848, wakarudi nayo kichwani wakaanza kutengeneza za kwao. Nayataja haya kwa sababu ukishika maikromita ya zamani unagundua kitu cha ajabu, hakuna kilichobadilika. Ya inchi ina nyuzi 40 kwa inchi, mzunguko mmoja ni sehemu 25 za elfu za inchi, ngoma imegawanywa mara 25, umepata sehemu moja ya elfu ya inchi, basi. Ya milimita hatua ya skrubu ni nusu milimita, ngoma ina mistari 50, kila mstari 0.01. Mtu aliyejifunzia kwenye mpya ya dukani leo anaisoma ya miaka sitini nyuma bila kufundishwa tena. Moja ya Starrett ina ile venia ya mistari kumi kwenye sliivu inayokupa sehemu ya kumi ya elfu ya inchi, yaani mikroni mbili na nusu hivi, na skrubu yake inateleza kama iko kwenye siagi, naifungua na kuifunga hata nikiwa sina cha kupima.

Tahadhari moja kwenye hizi fremu za zamani. Mpya zina plastiki kwenye fremu ili joto la mkono lisipite, za zamani nyingi hazina, ni chuma kitupu. Chuma kinavimba kama mikroni 11 na nusu kwa kila mita kwa kila digrii moja ya Selsiasi, inaonekana ndogo lakini chukua kitu cha milimita 100 kilichopanda digrii 10, hiyo ni mikroni 11 na nusu imeshaongezeka, na wewe unahangaika na mikroni mbili! Ndo maana dunia nzima vipimo vya urefu vinahesabiwa kwenye digrii 20. Mi nikiwa na kazi nyeti naifunga maikromita kwenye kistendi, siishiki, na kitu chenyewe nakiacha kikae pembeni yake mpaka joto lao lilingane.

Sasa boksi la chini. Nilipofungua kamba niliona safu za vipande vya chuma vya mstatili, kila kimoja kwenye kitundu chake, vimepakwa grisi nyembamba, nikajua mikono inanitetemeka kwa nini. Geji bloku. Seti ya milimita, matundu 103, vipande 100, vimekosekana vitatu, 1.005 na 1.37 na 6.5. Jina la kiwanda kwenye kifuniko halisomeki tena.

Kwa asiyezijua, hivi ni vipande vya chuma kigumu ambavyo urefu wake unajulikana mpaka sehemu ya mikroni, na ukisafisha viwili ukaviweka kwa msalaba ukavitelezesha na kuvizungusha, vinagandana, huwezi kuvivuta vikaachana, lazima uvitelezeshe tena. Si sumaku, na si hewa peke yake inayovibana maana hata mahali pasipo na hewa vinashika, ni zile nyuso zimekaribiana kiasi kwamba utando mwembamba mno wa unyevu na mvutano wa chembe zenyewe unavishika. Kwa hiyo unajenga kipimo chochote unachotaka. Mfano nataka 38.745, nachukua 1.005, halafu 1.24, halafu 16.5, halafu 20, nimefika, vipande vinne. (Sasa unaona kwa nini kukosa ile 1.005 kuliniuma, ni moja tu kwenye seti nzima na ndiyo inayokupa zile nusu za mwisho.)

Aliyebuni ni Carl Edvard Johansson wa Uswidi, alikuwa mkaguzi kwenye kiwanda cha bunduki cha Eskilstuna. Mwaka 1894 walimtuma Ujerumani kwa Mauser, akaona jinsi wanavyopima bunduki kwa mamia ya geji, kila kipimo na geji yake, na inasimuliwa kwamba kwenye treni akirudi nyumbani ndo akawaza, kwani nisitengeneze vipande vichache vinavyoungana? Kufika 1896 alikuwa nayo seti yake ya vipande 102, na vya kwanza alivimalizia nyumbani kwa cherehani ya mke wake aliyoigeuza mashine ya kusagia. Baadaye 1923 akaenda Marekani kufanya kazi kwa Ford. Na kuna jambo jingine ambalo mi huwa napenda kuwasimulia vijana, inchi zamani hazikuwa moja, ya Uingereza ilikuwa milimita 25.399977 na ya Marekani 25.4000508, Johansson akachukua 25.4 kamili kwa bloku zake kwenye digrii 20, viwanda vikafuata bloku zake, na mwaka 1959 nchi zikakubaliana rasmi kwamba inchi ni 25.4 kamili. Yaani fundi wa kiwandani kaweka namba, serikali zikamfuata!

Rudi kwenye boksi langu. Nilikaa nalo jioni tatu. Kila kipande nilikitoa grisi kwa spiriti na kitambaa kisichotoa manyoya, nikakiangalia kwa lenzi, na penye kijinundu kwenye ukingo nikapitisha jiwe laini la kuondolea vinundu, mara mbili tatu tu kwa uzito wa jiwe lenyewe, sikukandamiza. Msasa hapana. Dawa ya kung'arishia hapana kabisa. Vidole vitupu navyo hapana, alama ya kidole ikikaa wiki moja ni kutu. Halafu nikajaribu kugandisha kimoja baada ya kingine, na hicho ndo kipimo rahisi cha afya ya bloku, kinachogandana uso wake bado ni mzima, kinachokataa kimekwaruzwa au kina kinundu. Vilivyokataa vilikuwa sita.

Halafu nikazipeleka zote maabara ya urekebishaji vipimo. Wengi waliniambia napoteza hela, seti ya zamani ya nini kuipeleka maabara, lakini bloku usiyojua urefu wake wa leo ni kipande cha chuma tu kama vingine. Majibu yalipotoka, 91 ziko ndani ya daraja la 2, ambalo kwa vipande mpaka milimita 10 linaruhusu kosa la mikroni 0.45 kwa juu au kwa chini, na nyingi kati ya hizo zinaingia hata daraja la 1 ambalo ni mikroni 0.20. Tisa zimechakaa. Na ukiangalia ni zipi zimechakaa unamwona mzee mwenyewe akiwa kazini, ni 1.01 na 1.02 na wenzake wadogo wanaotumika kila siku, pamoja na 25 ambayo bila shaka ndiyo aliyokuwa anasetia maikromita. Zile za 14.5, 17, 22.5 kama zimetoka kiwandani jana.

Kuna kitu kingine sikukiona mpaka nimefika nyumbani. Chini ya droo ya tatu, upande wa chini wa ubao, kulikuwa na karatasi ngumu imebandikwa kwa pini nne, imejaa mwandiko mdogo wa penseli. Safu ya tarehe, safu ya joto la chumba, jina la kipimo, na kosa lake. Alikuwa anakagua maikromita zake zote mara mbili kwa mwaka, miaka na miaka, na kwenye ile Mitutoyo ya 0 mpaka 25 yenye venia ya mikroni hakuwa anapima ziro peke yake, alikuwa anapima kwa bloku za 2.5, 5.1, 7.7, 10.3, 12.9, 15, 17.6, 20.2, 22.8 na 25. Kwa nini namba za ajabu hivyo badala ya 5, 10, 15? Kwa sababu ukipima kwa 5 na 10 ngoma inasimama kwenye ziro ile ile kila mara, huioni kasoro ya ngoma ikiwa robo mzunguko au nusu mzunguko, hizo namba zinalazimisha ngoma isimame sehemu tofauti tofauti. Ni utaratibu unaojulikana na mafundi wa vipimo lakini gereji ya mtu binafsi, hakuna bosi wala mkaguzi, nani anafanya hivyo? Mstari wake wa mwisho kwenye 12.9 ameandika kosa mikroni 2 juu. Nilipozipata bloku kutoka maabara kitu cha kwanza niliseti hiyo 12.9, chumba digrii 20, nikasubiri saa mbili, nikasoma. Mikroni 2 juu. Nimeanza kuandika mistari yangu chini ya yake, kwa penseli vilevile.

Vingine kwa haraka. Pimamaji ni Starrett 98, kila mstari ni kama milimita 0.42 kwa mita, unaikagua kwa kuisoma halafu unaigeuza nyuma mbele pale pale, kipovu kikikaa tofauti ni skrubu ya kurekebisha tu, yangu ilihitaji robo mzunguko, sasa ndo nasawazishia mashine ya kukereza. Geji za saa, moja nzima, moja mshale ulikuwa unakwama, na tatizo lilikuwa mtu aliipaka mafuta kwenye fimbo yake. Usipake mafuta fimbo ya geji ya saa, mafuta yanakamata vumbi yanakuwa gundi, nikaisafisha kwa spiriti ikarudi hai. Ile geji ya kidole ni tamu lakini ikumbuke pembe, kidole kikiwa sambamba na uso inasema kweli, kikisimama digrii 30 inakusomea zaidi na ukweli ni kama asilimia 87 tu ya inachosema. Kalipa ya venia taya zimelika kwenye ncha, kawaida, watu wote wanapimia ncha, ukipimia ndani karibu na mhimili bado ni safi. Fila geji majani mawili yamepinda. Guni dogo, lile ambalo halikusuguliwa, liligeuzwa likarudi kwenye mstari ule ule, nililiangalia mara tatu nikiwa sina la kusema.

Na sumaku! Karibu nisahau. Vitu vilivyokaa karibu na meza ya sumaku ya mashine ya kusagia vinabeba sumaku, vinakusanya vumbi la chuma, na hilo vumbi likikaa kwenye uso wa maikromita umeshaongeza mikroni kadhaa bila kujua. Jaribu na pini ndogo, ikining'inia, tafuta kifaa cha kutoa sumaku. Maikromita mbili za inchi zilikuwa nayo.

Kuhifadhi ni rahisi, usiache maikromita imefungwa, acha mwanya mdogo, futa jasho la mkono kila ukimaliza, tone la mafuta mepesi kwenye nyuso, na nimeendelea na kafuri ya mzee.

Je, ununue? Kama kazi yako ni ya kumpa mteja cheti, jua kwamba gharama ya maabara ni sehemu ya bei, ihesabu tangu mwanzo, na kama huna muda wa kukagua na kusafisha basi ya dijitali mpya itakufaa zaidi, unabonyeza unasoma. Lakini kama unataka chombo cha kukaa nacho maisha yote, kinachofunguka na kurekebishika kwa mkono wako, kisichosubiri betri, tafuta sanduku la mtu aliyekuwa anatunza, na utalijua kwa nyuso za kupimia na kwa harufu kabla hujaangalia jina la kampuni.

Bloku tatu zilizokosekana, mbili nimeshazipata, 1.005 nimeinunua mpya. Kilichobaki ni fimbo ya kusetia, yaani ya kuhakikishia mwanzo wa kipimo, ya ile Mitutoyo ya 75 mpaka 100, boksi lake lina nafasi ya fimbo ya milimita 75 ila fimbo haimo, nilirudi siku ya pili kuitafuta kwenye makopo ya misumari na chini ya benchi, haikuonekana. Kwa sasa naseti kwa bloku ya 75. Nikiipata ya saizi yake itakaa pale pale kwenye felti.